Oktava za Baba

Jumatatu asubuhi nilipanda ngazi za shule ya muziki mkoba ukiwa begani, nikafika ghorofa ya pili, nikawakuta walimu wenzangu wawili mbele ya ubao wa matangazo wananitabasamia. Mtu akinitabasamia kabla ya saa mbili asubuhi huwa najua kuna jambo. Nikasogea nikasoma. Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbi mkubwa, mgeni wetu atapiga harpsikodi, kinanda cha kale, kipande cha miaka mia tatu iliyopita. Halafu chini yake, kwa wino mwekundu: baada ya hapo, mwalimu wa darasa la wanaoanza piano atapiga kipande hichohicho kama kilivyohamishiwa kwenye piano na baba yake mzazi, Fundi Redio.

Mwalimu wa darasa la wanaoanza ni mimi. Fundi Redio ni baba yangu. Na kipande hicho sijakigusa kwa miaka ishirini.

Nikaingia kwa mkuu wa shule bila kubisha hodi.

"Mzee alikuja mwenyewe Ijumaa," akaniambia, kikombe chake amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayejikinga. "Alivaa koti. Akasema umekubali."

"Alisema nimekubali?"

"Alisema umefurahi sana, mwalimu."

Jamani! Nilitoka mle nimefura, nikafundisha vipindi vinne bila kukaa.

Ngoja nieleze habari ya kipande hiki, la sivyo mtasema huyu mama ana gubu tu. Baba alikuwa fundi wa redio kwa miaka hamsini, karakana yake ikiwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mitano, mteja alileta gramafoni mbovu yenye sahani ya santuri juu yake, akasema atarudi Alhamisi. Alhamisi hiyo mpaka leo haijafika. Baba akaitengeneza gramafoni, akaweka sindano, akasikia kitu ambacho hajawahi kukisikia maishani: nyuzi zinadonolewa kwa kasi kama mvua ya mawe juu ya bati. Karatasi ya katikati ya sahani ilikuwa imeliwa na maji, haina jina la wimbo wala la mpigaji. Hata kinanda chenyewe Baba hakukijua. Alidhani ni piano iliyopata kutu.

Noti alizijua kutoka kwenye kwaya. Basi akakaa na sahani ile miaka miwili. Mchana redio za watu; kazi ikiisha, sindano mbele, sindano nyuma, sekunde tatutatu, anaandika kwa penseli, anafuta, anaandika tena. Mama alikuwa akisema heri angeletewa mke mwenza, maana mke mwenza angalau kuna siku anakwenda kwao.

Alipomaliza alikuwa na daftari la kurasa thelathini na moja: wimbo mmoja mfupi, halafu wimbo huohuo umerudi mara kumi na mbili, kila mara umebadilishwa nguo. Na hakuna aliyeweza kulipiga. Kila mahali oktava. Oktava, kwa asiyejua, ni noti kupigwa pamoja na mwenzake wa jina hilohilo wa juu: kidole gumba kimekaa huku, kidole cha mwisho kimenyooka kule, kiganja kimetanuka mpaka basi. Moja si kazi. Baba aliandika mamia, mfululizo, mbiombio, mikono yote miwili. Na kana kwamba hiyo haitoshi, kipande kizima alikianzisha kwenye kibonye cheusi, mahali ambapo vidole vinakaa upandeupande, wakati angekisogeza kibonye kimoja tu juu mambo yangekuwa mteremko.

Wakubwa wa muziki walipoliona daftari wakakitambua kipande, kwamba ni cha harpsikodi, wakavua kofia. Ni desturi yao, ukitoa kipande kwenye harpsikodi ukakipeleka kwenye piano, kukinenepesha: unaongeza oktava, unaongeza ngurumo, piano nayo ioneshe misuli. Wakasema Fundi Redio amekinenepesha kuliko wote. Baba akawajibu, "Sijaongeza kitu." Wakacheka, wakasema mzee mnyenyekevu huyu. Hata mimi sikumwamini. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, ndiye niliyetakiwa kulipiga, nikajisemea moyoni: baba yangu anapenda sifa, na anazitafuta kwa vidole vyangu.

Lakini nilikipiga. Nilikipiga miaka tisa, kwenye kumbi ndogo na kubwa, na watu walisimama kushangilia. Nilipofika miaka ishirini na sita mkono wa kulia ukaanza kuwaka moto kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, halafu kidole cha mwisho kikafa ganzi. Daktari akasema kano zimechakaa: oktava basi, ama nitashindwa hata kushika kijiko. Nikarudi nyumbani nimeamua kumwambia Baba. Nikamkuta sakafuni anashonea daftari lake jalada jipya, anaimba. Mama akanivuta jikoni, nikamweleza, akaniziba mdomo. "Usimwambie. Utamuua." Basi nikaenda kumwambia Baba kwamba nimechoka na kumbi, nataka kufundisha watoto.

"Uvivu," akasema.

Neno hilo moja nimekula nalo na kulala nalo miaka ishirini. Mama ametangulia mbele ya haki. Baba sasa ana miaka sabini na tisa, nami nimerudi kuishi naye pamoja na Shangazi, dada yake. Na masikio yake yanaaga. Daktari amesema mwaka huu hauishi atakuwa hasikii chochote. Anataka kukisikia kipande chake mara moja tu, mbele za watu, kabla ya hapo. Ndiyo maana alivaa koti.

Jioni ile nikamkabili.

"Baba, kwa nini hukuniuliza?"

"Eh?"

"KWA NINI HUKUNIULIZA?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Ndiyo sababu," akasema, akarudi kwenye gazeti lake. Akafunua ukurasa, akaongeza, "Nimealika mtaa mzima. Hata yule mwenye duka la simu anakuja."

*

Jumatano nikaenda ukumbini kumwomba mgeni anifute kwenye ratiba. Nilikuwa nimejiandaa kusema lolote, hata kwamba nina mafua ya vidole. Nilimkuta mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, amepiga magoti kando ya kinanda kirefu chembamba, anakaza nyuzi kwa ufunguo.

"Karibu, dada. Wewe ndiye yule wa oktava?"

"Ndiyo mimi, na nimekuja kukuomba..."

"Subiri kidogo niisikie hii." Akakaa, akaanza kupiga.

Nilikijua kabla hajafika noti ya tano. Ilikuwa sahani ya Baba, imeamka. Oktava zote zilikuwepo, juu na chini, mvua ileile ya mawe. Lakini mikono yake! Vidole vilikuwa vinatembea tu, vimekunjwa, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayechambua mchele. Hakuna aliyetanua chochote. Mungu anisamehe, nikainama nikachungulia chini ya kinanda, nikidhani kuna mtu wa pili.

"Umepoteza kitu?" akaniuliza, akasimamisha mikono.

"Hiyo ya juu unaipiga na nini?"

"Ya juu ipi?"

"Ya juu! Kuna noti ya juu inaifuata ya chini, naisikia kwa masikio yangu!"

Akacheka. Akabonyeza kibonye kimoja kwa kidole kimoja, taratibu, ili nione. Zikatoka sauti mbili, ya chini na ya juu yake. Akasogeza kijiti kidogo pembeni, akabonyeza palepale: sauti moja. Akakirudisha kijiti: mbili.

"Kibonye kimoja kinadonoa nyuzi mbili ukitaka," akasema. "Ndivyo kilivyotengenezwa, dada."

"Na mbona umeanzia re, halafu mimi nasikia kile cheusi cha chini yake?"

"Vinanda hivi tunavifunga chini kidogo, kama zamani. Re yangu mimi kwenye piano yako ni hicho cheusi."

Nikakaa sakafuni.

Baba hakuongeza kitu. Karibu miaka thelathini mtu anasema sijaongeza kitu, sijaongeza kitu, na sisi tunacheka. Hakutafuta sifa. Alisikia noti mbili, akaandika noti mbili. Alisikia kibonye cheusi, akaandika kibonye cheusi. Hajawahi kuiona harpsikodi, angejuaje kwamba kule ndani kidole kimoja kinafanya kazi ya mkono mzima? Na mimi mkono wangu, je? Nilikuwa na hasira yangu, hasira nzuri, kongwe, nimeitunza kama chombo cha kabatini, na ghafla haina mwenyewe. Nimkasirikie nani, kijiti?

Nikatoa daftari la Baba mkobani, nikampa mgeni. Akavaa miwani, akafungua. Kwanza alicheka kidogo. Ukurasa wa tatu akaacha kucheka. Ukurasa wa kumi akawa anasoma huku mdomo uko wazi.

"Alikuwa na noti zilizochapwa?"

"Alikuwa na sahani moja na penseli."

"Hajakosea hata noti moja," akasema polepole. "Kasikia mpaka uzi wa pili. Na hapa, ona, kuna mahali uzi wa juu umelegea kidogo, naye kaandika alama ya kulegea. Yaani yote sahihi, na yote siyo. Sijui hata niseme nini."

"Na mimi niseme nini?" nikamwambia.

Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba sikumwomba anifute.

Shangazi alikuwa anapiga pasi mashuka. Siri ya mkono wangu anaijua, kwa sababu mtu mwenye macho hawezi kuishi nawe miaka akuone unafungua chupa kwa meno asiulize. Nikamweleza yote. Akaiweka pasi wima.

"Kwa hiyo mkono wako umeharibiwa na kijiti."

"Kijiti cha pembeni, Shangazi."

"Na kaka yangu hakijui hicho kijiti."

"Hakijui."

"Na habari ya mkono hajui."

"Hajui."

"Hebu niambie, nyie wawili mna siri ngapi kwenye nyumba ya vyumba vitatu?" Akachukua pasi yake. "Si upige hivyo hivyo, kidole kimoja kimoja, kama huyo mama? Kinanda ni kinanda."

Nikataka kumcheka. Halafu sikucheka.

Alhamisi nilipotoka kazini nikakaa kwenye piano ya nyumbani, ile aliyoifufua Baba mwenyewe kwa gundi na maneno makali, nikafungua daftari. Nikaanza kupiga za chini tu, za juu nikaziacha. Nikangoja maumivu. Hayakuja. Nikapiga wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, vidole vinatembea, mkono umelegea, na kipande chote kimo, kila kitu kimo. Sikujua ndani yake kuna utani. Miaka tisa nilikipiga na sikuwahi kusikia kwamba ule wa tatu unachekesha! Machozi yalinitoka, wala sioni haya kusema.

Baba alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, na gazeti lake. Nilipofika mwisho wa ule wa sita nikamgeukia. Akanitazama juu ya miwani.

"Sasa mazoezi utaanza lini?"

Nilidhani ananitania. Nikarudia mstari mmoja, macho yangu usoni kwake. Akafunua ukurasa wa gazeti. Nikarudia kwa nguvu kidogo. Akajikuna kidevu. Basi nikatanua mkono, nikapiga oktava moja ya kulia kwa nguvu zote, na papo hapo kichwa kikainuka.

"Haya!" akasema, uso umeng'aa. "Hiyo ndiyo!"

Mkono uliniwaka mpaka begani. Nikamtabasamia, nikaenda jikoni nikautia kwenye ndoo ya maji baridi.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Nikipiga kwa oktava, Baba atasikia, na mkono wangu, ambao nautumia kula na kuandika na kufundishia, nitaupoteza. Nikipiga bila oktava, mkono utapona, na Baba atakaa pale mbele, na koti lake, mtaa mzima nyuma yake, anatazama watu wakisikia kipande chake. Shangazi akasema nimwambie. Kisha akasema nisimwambie. Kisha akasema yeye ana kichwa kinamuuma, tusimuulize tena. Ijumaa nzima nilifundisha watoto noti za kwanza na mara mbili nikawasahihisha mahali walipopatia.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Baba alikaa mstari wa mbele na Shangazi, kifaa chake cha kumsaidia kusikia kimechomoza nyuma ya sikio. Amekifungua mwenyewe mara mbili kukirekebisha, na kila akikifungua kinazidi kuharibika, lakini nani atamwambia fundi? Mimi nilisimama kando ya jukwaa, karibu na piano.

Mgeni akakaa kwenye harpsikodi yake, akapiga. Nilimtazama Baba. Kwanza alitulia, mikono magotini. Halafu akainama mbele. Halafu akakitoa kifaa, akakigonga kwenye goti, akakirudisha. Akageuka akatazama nyuso za watu waliokaa nyuma yake, wote wametulia, wanasikiliza. Akageuka tena mbele. Hapo nikajua kwamba hapati hata noti moja.

Watu walipopiga makofi, akainuka. Shangazi akamdaka mkia wa koti, wapi! Alishafika kwenye ngazi.

"Naomba nikione, mama," akamwambia mgeni. "Mimi ni fundi."

Mgeni akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Angefanya nini, amfukuze? Akampisha.

Baba akalaza sikio lake juu ya ubao, akabonyeza kibonye kimoja. Akatulia. Akakibonyeza tena, akakishikilia. Kisha akainua kichwa, akavaa miwani yake ya kazi aliyokuwa nayo mfukoni, akachungulia ndani, akabonyeza mara ya tatu, polepole sana, akitazama. Fundi ni fundi. Kile kilichonikalisha mimi sakafuni yeye alikiona kwa nukta moja. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kijiti cha pembeni, akakisogeza, akabonyeza, akakirudisha, akabonyeza. Watu walikuwa wanacheka taratibu, wakidhani ni sehemu ya burudani.

"Kidole kimoja," akasema. Wenye masikio mazito hawajui kunong'ona. Ukumbi wote ulisikia. "Kumbe kidole kimoja. Mimi nikaandika mkono mzima."

Akashuka kurudi kwenye kiti chake, akishikashika migongo ya viti. Akakaa. Koti lilikuwa limemzidi ukubwa, au yeye alikuwa amepungua.

Ikawa zamu yangu. Mnaweza kuniuliza nilikuwa nimeamua nini, nami nitawajibu kweli: hadi nakalia kile kiti sikuwa nimeamua. Nilimwona mzee yule amejikunja pale mbele, kazi ya miaka miwili na fahari ya miaka thelathini imemwishia kwenye kijiti. Nikasema moyoni, sikubali. Sikubali nini? Sijui mpaka leo. Nilichukia oktava zile nusu ya maisha yangu, na sasa nisingekubali mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, aseme hazikustahili kuandikwa.

Nikatanua mkono, nikapiga.

Piano ilinguruma. Baba akainua kichwa. Alisikia! Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwenye vibonye vile vyeusi vya balaa, na mkono ukakumbuka kila kitu. Wa nne, moto ukaanza. Wa tano, kidole cha mwisho kikafa, nikawa sikisikii, napiga kwa bega. Nikauma meno. Zamani Baba alikuwa akisikiliza huku anatazama sakafu. Siku hiyo, kwa vile masikio hayamtoshi, alikuwa anatazama mkono wangu. Nikamwona anasimama.

"Acha."

Nikaendelea.

"Acha, mama! Mkono huo una nini? Acha!"

Alipanda ngazi zile kwa kasi ambayo sijamwona nayo miaka kumi, akanikamata mkono juu kidogo ya kiganja, kama unavyomtoa mtoto jikoni kwenye moto. Piano ikanyamaza. Akaugeuza mkono, akapitisha kidole gumba chake juu ya kano, akibonyezabonyeza, akitafuta ubovu. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kinatetemeka peke yake.

"Tangu lini?"

"Baba, twende tukakae, tutaongea nyum..."

"Sikusikii. Tangu lini?"

Ilibidi nipaze sauti, watu mia mbili wananitazama. "Miaka ishirini!"

"Ile siku uliyosema umechoka?"

"Ndiyo, Baba! Ile siku!"

Akauachia mkono wangu. "Nikakuita mvivu."

"Hukujua," nikasema, lakini sikupaza sauti, haikumfikia.

Nilidhani atashuka. Nilidhani tutakwenda nyumbani, sote watatu, na hatutaongea mwaka mzima. Badala yake akavuta kiti, akakiweka kushoto kwangu, mgongo ameupa ukumbi. Akalirudisha daftari ukurasa wa kwanza, akalilainisha kwa kiganja.

"Piga za chini tu," akasema. "Kidole kimoja kimoja, kama mwenzio yule."

"Baba, hutasikia." Akanitazama mdomoni. Nikarudia kwa sauti ya juu, "HUTASIKIA!"

"Najua," akasema. "Piga."

Nikapiga. Kuanzia mwanzo, wimbo wenyewe na marudio yake yote kumi na mbili, sauti ndogo, mkono umelegea, hakuna kinachouma. Utani wa ule wa tatu nikausikia tena, na nikasikia watu nyuma wakiucheka. Yeye aliinama karibu na vibonye, miwani ya kazi usoni, macho hayaondoki kwenye kidole changu cha mwisho, na kila ukurasa aliufunua pale pale unapotakiwa, kurasa thelathini na moja, hakukosea hata mmoja. Shangazi nilikuwa namsikia analia kwa sauti bila aibu yoyote.

Nilipoinua mikono watu walisimama. Makofi yalitikisa viti. Baba hakugeuka, alikuwa bado ameinama, mkono wake uko kwenye kona ya ukurasa, anangoja.

"Bado?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Nikamwonesha ukurasa kwamba ndio wa mwisho, hakuna tena.

Basi akauchukua mkono wangu wa kulia, akaunyanyua kwenye mwanga, akakitazama kidole kile kwa muda, kimetulia kama vidole vingine.

"Hakijatetemeka," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Hata mara moja."